Daftari la Msajili Halikuzuia Shakahola

Mmeshasikia. Wiki nzima wimbo ni ule ule: nyumba za ibada zidhibitiwe, kila dhehebu lisajiliwe upya, mhubiri aonyeshe cheti cha theolojia. Sababu tunayopewa ni Shakahola, na hapo kila mtu hunyamaza. Miili zaidi ya 400 ya waumini wa kanisa moja, walioambiwa wafunge hadi kufa, ilifukuliwa katika msitu ule wa Kilifi, na ya watoto wadogo ilikuwemo. Nani atasimama abishe?

Sisi tunabisha. Kanisa lile lilikuwa limesajiliwa. Turudie kwa waliofungua redio sasa hivi: lilikuwa limesajiliwa. Mhubiri wake alikamatwa 2017, akafikishwa kortini, akatoka. Machi 2023 akakamatwa tena kuhusu vifo vya watoto wawili, akatoka kwa dhamana. Mwezi uliofuata makaburi yakaanza kufukuliwa. Hapo kilichokosekana ni daftari?

Watu wa Bungoma wanalijua daftari hili tangu zamani. Elijah Masinde wa Kimilili alikuwa mwanasoka hodari, mwaka 1930 akaichezea Kenya dhidi ya Uganda. Alilelewa katika misheni ya Wakweka, baadaye akaiacha, akamrudia Wele, Mungu wa mababu zake wa Kibukusu, na kuwaambia wazungu waondoke. Serikali ya mkoloni ilimjibuje? Mwaka 1945 ilimfungia Mathari, pamoja na wagonjwa wa akili. Alipotoka 1947 aliongoza umati hadi Chetambe, walikouawa Wabukusu mwaka 1895 wakipigana na Waingereza, wakawatolea sadaka wafu wao. Februari 1948 dini yake, Dini ya Msambwa, ikapigwa marufuku. Mwezi huo huo polisi waliufyatulia risasi umati pale Malakisi, watu 11 wakafa. Masinde akapelekwa Lamu, mbali kabisa na kwao, akakaa huko miaka.

Miaka miwili baada ya Malakisi, Kolloa kule Baringo, ilikuwa zamu ya Lukas Pkech, mhubiri wa Msambwa, na wafuasi wake wa Kipokot. Zaidi ya 20 waliuawa, Pkech mwenyewe akiwemo, na upande wa serikali wakafa maofisa watatu wa Kizungu na askari mmoja Mwafrika.

Tuseme kweli: wafuasi wa Msambwa walilaumiwa kwa kuchoma majengo, na si kila lawama ilikuwa uzushi. Lakini kuchoma jengo ni kosa lenye sheria yake. Aliyechoma ashtakiwe. Bibi aliyekuwa akisali nyumbani kwake Kimilili ana kosa gani?

Na msidhani ni mambo ya mkoloni tu. Tulipata bendera yetu, Dini ya Msambwa ikasajiliwa 1964, na mwaka 1968 serikali yetu wenyewe ikaipiga marufuku tena. Masinde yule yule akarudi jela ya Waafrika wenzake. Daftari lile lile, kalamu imebadilisha mkono.

Ndiyo maana tunauliza daftari hili litamkuta nani. Makanisa makubwa yana mawakili, yana shule, yana wabunge kwenye viti vya mbele. Watapata vyeti kabla wino haujakauka. Mama anayeombea wagonjwa chini ya mwembe Malindi hana. Ustadhi wa madrasa ya mabati hana. Wazee wa Kaya wanaosali msituni watapeleka cheti cha theolojia kutoka chuo gani? Daftari huwaanza wanyonge, na siku zote limewaanza wanyonge.

Watoto wanyimwapo chakula, hiyo ni kazi ya polisi, ni kazi ya chifu, ni kazi ya hakimu. Sheria ipo! Iliyolala ni ofisi inayolipwa kukesha!

Kwa hiyo wabunge wakija kukusanya maoni, nendeni. Waislamu nendeni, Wakristo nendeni, wenye mizimu yenu nendeni, msitume wawakilishi. Mwulizeni kila mbunge atakayeketi mezani: nani alipokea ripoti ya Shakahola kabla ya Aprili 2023, na leo yuko kazini wapi? Msiondoke ukumbini kabla hajajibu!