Hema Bila Jirani: Afya ya Waliokimbia Mafuriko Kasese na Bwera



Mei 1, 2013 mto Nyamwamba, hapa wilayani Kasese, Uganda, ulivunja kingo zake ukaingia hadi Hospitali ya Kilembe. Mei 2020 ulifurika tena, safari hii pamoja na Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha upitao mpakani na Kongo kule Bwera. Hospitali ikaharibiwa mara ya pili, wakati ule ule watu walipoihitaji zaidi. Na kilikuwa kipindi cha Korona: bodaboda hazikuruhusiwa kubeba abiria, na watu walioambiwa wasikaribiane wakalala wakibanana madarasani.

Baadaye familia nyingi zilipelekwa kambi ya Muhokya. Kambi ile iliitwa ya muda, lakini miaka ilipita watu wakiwa bado humo. Tunapopanga makazi ya namna hii tunahesabu maturubai, magodoro, sabuni na unga. Nani atakaa karibu na nani, hilo hatulihesabu, na mimi naamini afya ya kambi inaanzia hapo.

Tuseme yupo bibi wa Kilembe mwenye presha. Kijijini, jirani alimkumbusha vidonge vyake, na mhudumu wa afya wa kijiji aliujua mlango wake. Kambini amezungukwa na watu asiowajua. Muhokya ni tambarare yenye joto na mbu zaidi kuliko bonde la milimani alikotoka. Akishikwa na homa usiku, nani atajua? Anayetumia dawa za VVU naye ana shida yake: hema halina pa kufichia kitu, na kuzimeza mbele ya wageni anaona aibu. Siku moja anaruka, wiki inayofuata anaacha.

Wajapani walilijua hili kwa uchungu. Baada ya tetemeko la Kobe mwaka 1995, nyumba nyingi za muda ziligawiwa kwa kura, wazee wakitangulizwa. Nia ilikuwa njema, ila majirani walitawanyika, na wazee wakawa wanafia ndani peke yao bila mtu kujua. Tetemeko la Niigata lilipotokea mwaka 2004, watu wa kijiji cha Yamakoshi walihamishwa na kupangwa pamoja, kitongoji kwa kitongoji.

Sisi wenyewe tuna ushahidi wa karibu. Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka na familia iliyotoka Kongo, na mtoto wa miaka 5 akalazwa Hospitali ya Bwera. Wizara ya Afya ilikuwa imekwisha kuchanja wahudumu wa afya karibu 4,700, na ugonjwa haukusambaa upande wetu. Lakini chanjo haiendi kumtafuta mtu nyumbani. Kazi hiyo inamtaka anayejua nyumba, koo, na nani alikwenda msibani ng'ambo. Ujuzi huo ndio tunaouvunja tunapowachanganya watu ovyo kambini.

Naiomba kamati ya maafa ya wilaya iandikishe watu kwa vijiji vyao kabla hema la kwanza halijasimama. Mwenyekiti wa kijiji (LC1) na mhudumu wa afya wakae katikati ya watu wao, na mhudumu huyo alipwe posho, maana naye nyumba yake imechukuliwa na maji. Na kwa kuwa wageni bado watakuwapo kambini, vyoo vya wanawake viwe na komeo na taa. Haya yaingie katika maazimio ya semina hii, na yafike wilayani kabla ya mvua za Machi.