Maradhi Yanapofurika Hospitalini
Mazungumzo juu ya kazi ya madaktari na wauguzi wa wagonjwa mahututi



Watu wengi hudhani kwamba maradhi makubwa yakiingia katika nchi, kinachookoa roho za wagonjwa ni mashine na dawa tu. Vitu hivyo vina faida kubwa, wala hakuna awezaye kukana. Lakini mashine haiwezi kumtazama mgonjwa usoni ikafahamu kwamba hali yake imebadilika, wala dawa haijipeleki yenyewe kitandani kwake usiku wa manane. Kazi hiyo ni ya watu. Habari za Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, katika mwaka wa 1952, zaonyesha jambo hili waziwazi.

Mwaka huo ugonjwa wa kupooza, uitwao polio, uliushika mji ule kwa nguvu kubwa. Chanjo ilikuwa bado haijapatikana. Wagonjwa walipelekwa Blegdam, hospitali ya maradhi ya kuambukiza, na tangu Julai mpaka mwanzo wa Desemba walipokewa wapatao 2,700. Siku zilizokuwa mbaya kabisa waliingia kama 50 kwa siku moja, na wengi walikuwa watoto. Zaidi ya 300 kati yao walipooza misuli ya kupumua au ya kumeza. Akili zao zilikuwa timamu, lakini kifua hakikuweza kuinuka, na mate yaliwaziba koo.

Hospitali ilikuwa na mashine saba tu za kuwasaidia watu wa namna hiyo: pipa moja la chuma ambamo mgonjwa alilazwa, kichwa kikabaki nje, na mashine sita ndogo za kufungwa kifuani. Katika majuma matatu ya kwanza ya Agosti wagonjwa 31 walitibiwa kwa mashine hizo. Kati yao walikufa 27.

Mkuu wa madaktari wa hospitali, Profesa Lassen, aliona kwamba njia ya zamani imeshindwa. Mwenzake mmoja, Daktari Bjørneboe, alimshauri amwite Daktari Bjørn Ibsen. Ibsen hakuwa daktari wa maradhi ya kuambukiza. Kazi yake ilikuwa kuwatia usingizi wagonjwa wanaopasuliwa. Lassen hakuona aibu kuomba shauri kwa mtu wa kazi nyingine, na tarehe 25 Agosti madaktari hao walikutana. Ibsen alisoma maandishi ya hospitali, akatazama pia habari za waliokufa, akasema kwamba wagonjwa hawafi kwa sababu ugonjwa umeharibu mapafu. Wanakufa kwa sababu hawapati pumzi ya kutosha, na hewa chafu ambayo haikutolewa nje inajaa katika damu.

Siku mbili baadaye alionyesha njia yake kwa binti wa miaka 12 ambaye alikuwa karibu kufa. Tundu dogo lilitobolewa kooni, mpira ukaingizwa katika njia ya pumzi, na makohozi yakafyonzwa. Mtoto alihangaika sana, hata hewa ikakataa kuingia. Ibsen akampa dawa ya usingizi, mwili ukalegea, naye akaanza kubonyeza kwa mkono mfuko wa mpira wenye oksijeni. Kifua kikainuka na kushuka, na rangi ya uhai ikarudi usoni. Binti yule hakufa.

Njia ilikuwa imepatikana, lakini mikono ya kuifanya kazi ilikuwa wapi? Mtu mzima mwenye afya hupumua kama mara 12 mpaka 20 kwa dakika. Hata ikihesabiwa mara 12 tu, mfuko wa mgonjwa mmoja hauna budi kubonyezwa zaidi ya mara 17,000 kwa siku, mchana na usiku, wala hakuna ruhusa ya kusinzia. Na wakati mmoja wagonjwa wa namna hiyo walifika 70. Madaktari na wauguzi wa hospitali, hata wangefanya kazi bila kulala, wasingeweza kuwatosha.

Basi wakaitwa wanafunzi wa udaktari, na baadaye wanafunzi wa udaktari wa meno. Kwa jumla walikuja kama 1,500. Walifundishwa upesi, wakapangwa kwa zamu, mmoja kando ya kila kitanda. Wauguzi waliwageuza wagonjwa, wakawafyonza makohozi na kuwalisha. Madaktari wa usingizi walizunguka vitandani, wakitazama jasho, rangi ya ngozi na mapigo ya moyo. Wanafunzi waliwasomea watoto vitabu na kuzungumza nao, ingawa watoto wenyewe hawakuweza kujibu kwa sauti. Saa walizofanya kazi zilihesabiwa kuwa kama 165,000. Wengine walishuhudia mgonjwa wao akifa mfuko ungali mikononi mwao. Hata hivyo, zamu yao ilipofika walirudi.

Matokeo yalikuwa makubwa. Hapo kwanza, katika kila wagonjwa 100 wa namna hiyo walikufa zaidi ya 80. Kabla ya ugonjwa kwisha, idadi ilishuka ikawa kama 40. Mashine mpya hazikuwa zimeletwa kwa wingi. Kilichobadilika ni maarifa na mpango wa kazi. Mwishoni mwa mwaka wa 1953 Ibsen alianzisha katika hospitali nyingine ya Copenhagen wadi ya wagonjwa mahututi, ambayo huhesabiwa kuwa miongoni mwa wadi za kwanza za namna hiyo duniani.

Miaka 68 baada ya mambo ya Copenhagen, swali lile lile liliulizwa tena duniani kote. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa wa Korona umekuwa janga la ulimwengu, na tarehe 13 Machi mgonjwa wa kwanza akatangazwa Kenya. Wataalamu walipohesabu mwaka huo, nchi nzima ilikuwa na vitanda 537 vya wagonjwa mahututi na mashine 256 za kupumulia, na watu wake walikuwa zaidi ya milioni 47. Watu wengi walilia mashine, mashine. Lakini wenye kazi yao walijua kwamba kitanda kisicho na mwuguzi aliyefundishwa ni godoro tu.

Kazi yao ilikuwa na utaratibu. Mlangoni wenye dalili za ugonjwa walitengwa na wengine, na aliyekuwa hatarini zaidi alitazamwa kwanza, hata kama alifika wa mwisho. Wauguzi wa wadi nyingine walifundishwa kazi ya wagonjwa mahututi. Walivaa nguo za kujikinga kwa saa nyingi, jasho likiwatiririka, na kila mmoja alikaguliwa na mwenzake wakati wa kuzivaa na kuzivua. Ilihitajiwa mikono ya watu kadhaa kumlaza mgonjwa kifudifudi ili mapafu yake yapate hewa vizuri. Mwezi wa Juni 2020 majaribio yaliyofanywa Uingereza yalionyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei rahisi, hupunguza kwa theluthi moja vifo vya wagonjwa walio katika mashine za kupumulia. Na wako madaktari na wauguzi, Kenya na kwingineko, walioambukizwa kazini wakafa.

Basi yafaa wasikilizaji washike mambo machache. Mgonjwa aletwe hospitalini mapema, kabla ya pumzi kumwishia, na ndugu zake waseme kweli juu ya dalili zake na watu aliokutana nao. Wasijazane wadini, kila asiyekuwa na kazi humo huongeza mzigo. Chanjo zisidharauliwe: tangu chanjo ya polio ilipotangazwa kuwa inafaa, mwaka wa 1955, mamilioni ya watoto wameokolewa wasipooze. Na wenye madaraka wakumbuke kwamba oksijeni na mafunzo ya wauguzi hutayarishwa siku za amani. Mwuguzi hafundishwi kwa siku moja wakati wadi imekwisha kujaa, na wanafunzi wa Copenhagen waliweza kazi kwa sababu walisimamiwa na wenye ujuzi.

Wazee walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Daktari mmoja alipata njia, lakini walioponya ni wengi: aliyekubali kushauriwa, mwuguzi aliyekesha, na mwanafunzi ambaye jina lake halikuandikwa popote, aliyebonyeza mfuko mpaka mwenzake akaja kumpokea.