Mtoto Mwenye Hali ya Down: Je, Moyo Wake Umepimwa?

Leo nazungumza nawe mama, au nyanya, unayelea mtoto mchanga mwenye hali ya Down.

Mtoto huyu amezaliwa na kromosomu moja ya ziada, ile ya namba 21. Kromosomu ni vijiuzi vidogo sana ndani ya mwili vinavyobeba maumbile yetu. Hii si laana, wala haikuletwa na kitu ulichokula ukiwa mjamzito.

Lakini kuna jambo ambalo mama wengi hawaambiwi. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo. Mara nyingi ni tundu kwenye ukuta unaotenganisha vyumba vya moyo. Damu hupitia hapo na kumiminika kwa wingi mapafuni.

Huenda ukasema, "Sista, mtoto wangu hanisumbui, analala tu." Mama, mtazame vizuri anaponyonya. Je, anachoka upesi na kuliacha titi? Anatoka jasho kichwani? Anapumua mbiombio? Uzito wake hauongezeki? Anapata nimonia mara kwa mara? Hizo ni dalili za moyo unaolemewa. Ukiona ulimi na midomo imekuwa ya samawati, au kifua kinabonyea akipumua, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Hata hivyo, usingoje dalili. Wiki za kwanza mtoto anaweza kuonekana mzima, na hata daktari akimsikiliza kifuani asisikie kasoro yoyote. Ndiyo maana kila mtoto mwenye Down anapaswa kupigwa picha ya moyo iitwayo eko. Haina sindano wala maumivu. Omba barua ya rufaa kliniki, na umsajili mtoto katika bima ya SHA mapema.

Kwa nini haraka? Damu nyingi ikizidi kusukumwa mapafuni, mishipa ya huko huwa migumu, na kwa mtoto mwenye Down madhara haya huja upesi zaidi. Tundu kubwa la katikati ya moyo kwa kawaida hutengenezwa akiwa na miezi 3 hadi 6. Akicheleweshwa sana, upasuaji huenda usiwezekane tena. Upasuaji huu hufanywa hapa nchini, ikiwemo katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi.

Unaposubiri, mnyonyeshe kidogo kidogo, mara nyingi. Mpeleke apate chanjo zote, pamoja na ile ya nimonia ya wiki ya 6, 10 na 14.

Basi mama, ukienda kliniki tena, usirudi nyumbani kabla ya kuuliza: "Moyo wa mtoto wangu utapimwa lini?"