Maneno ya Muuguzi kwa Vijana wa Shule



Nimeombwa nieleze jinsi muuguzi wa Kenya anavyopata kazi Uingereza. Nitaanza na kosa langu. Mwaka 2019 nilimpa wakala mmoja fedha za ng'ombe wawili wa baba yangu. Aliniahidi kazi na viza. Nilipata risiti tu. Laiti ningalijua kuwa kanuni za Uingereza zinamkataza wakala kumtoza muuguzi ada ya kumtafutia kazi!

Njia yenyewe haina siri. Baraza la Wauguzi la Kenya huthibitisha usajili wako kwa baraza la kule. Kisha kuna mtihani wa Kiingereza. Katika ule uitwao IELTS zinatakiwa alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Hufuata mtihani wa kompyuta. Mwajiri mwenye leseni akikupa hati ya udhamini, ndipo unaomba viza. Ukifika, unangojwa na mtihani wa vitendo. Usipoufaulu husajiliwi, hata uwe umehudumu wodini miaka kumi.

Vijana, insha mnazoandikishwa hapa msizidharau. Mimi nilipata 6 katika kuandika. Nusu alama ilinichelewesha mwaka mzima. Na anayedai fedha ili awape kazi, mkimbieni.

Baba hakunilaumu. Alisema tu, "Ng'ombe huzaa." Nimekwisha kumrudishia mmoja, wa pili ni deni.