Kura ya Siri na Uhuru wa Mwanachama

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Wako wasemao kwamba mtu mwaminifu hana haja ya kuficha kura yake. Maneno hayo yapendeza masikioni, lakini yasahau kwamba wapiga kura hawalingani kwa nguvu. Mwenye mali huinua mkono bila hofu. Mwenye deni hutazama kwanza ni nani anayemwona.

Uingereza, ambako mpangaji alimtaja mgombea wake hadharani, mwenye ardhi akisikia, ilipitisha sheria ya kura ya siri mwaka 1872.

Funzo la karibu zaidi lilitoka Kenya. Mwaka 1988 wagombea wa chama cha KANU walichujwa kwa mlolongo: wapiga kura walijipanga nyuma ya mgombea wao au wakala wake. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa amekwisha kuchaguliwa, pasipo kura ya siri kufuata. Mwajiri na chifu waliweza kuona nani kasimama wapi. Tena watu walipotawanyika, ushahidi ulitawanyika nao. Palipozuka ubishi, hapakuwa na karatasi za kuhesabiwa upya. Uchaguzi mkuu wa Desemba 1992 ulifanywa kwa karatasi na sanduku, na Katiba ya mwaka 2010 yaagiza kura iwe ya siri.

Jambo hili lavihusu vyama vya ushirika hasa. Mkulima anayetegemea mizani ya karani, mkopo wa mbolea na malipo ya mazao yake, atanyoshaje mkono kumpinga mwenyekiti aliyeketi mbele yake?

Basi kabla ya mkutano mkuu katibu aandae daftari la wanachama na karatasi za kura. Sanduku lionyeshwe tupu mbele ya wote, ndipo lifungwe. Mahali pa kutia alama pasitirike, na wasiojua kusoma wawekewe picha za wagombea. Hesabu ifanywe mbele ya mkutano, na karatasi zihifadhiwe hadi malalamiko yaishe. Siri ni ya chaguo la mtu. Hesabu ni ya wote.

Kiongozi aliyechaguliwa hivyo hapunguziwi heshima. Ajua kwamba waliompa kura walimtaka, wala hawakumwogopa.