Siba Mlangoni pa Hospitali

Neno la juma hili ni 2 Samweli sura ya 9, ya 16 na ya 19. Someni zote tatu, maana mwenye kusoma ya 9 peke yake ataona karamu, hataona wizi.

Mefiboshethi mwana wa Yonathani alikuwa na miaka 5 mlezi wake alipokimbia naye, akaanguka, akawa kiwete wa miguu yote miwili. Daudi akamrudishia mashamba ya Sauli na kumkalisha mezani pake. Mwenye kuyalima alikuwa Siba, mtu wa wana 15 na watumishi 20. Siku Daudi alipomkimbia Absalomu, Siba akamletea punda wawili, mikate 200, matunda na divai. Mfalme akauliza bwana wake yuko wapi. Siba akajibu kwamba amebaki Yerusalemu akingoja ufalme. Palepale Daudi akampa Siba mali yote. Mefiboshethi hakuulizwa. Angekuja namna gani, na punda alimtegemea Siba?

Leo ninasema nanyi mnaofanya kazi katika hospitali na vituo vya afya, hapa Mulungwishi, kule Likasi na Fungurume, nanyi si waganga: sentineli, mama wa kufagia, anayeandika majina mapokezi, anayepokea pesa, dereva. Najua mnavyosema: mambo ya wagonjwa ni ya muganga. Lakini muganga anamwona mgonjwa dakika chache. Wewe unamwona asubuhi nzima juu ya benchi. Wewe ndiwe unayemsikia mjukuu akimfokea kambo kabla mlango haujafunguliwa.

Tuchukue mfano. Kambo mjane analetwa na kijana wa ndugu. Unamwuliza kambo jina, kijana anajibu. Unauliza anaumwa wapi, kijana anajibu. Kadi ya kambo iko mfukoni mwa kijana, na pesa pia. Kisha kijana anaomba barua ya kwamba kambo amepotewa na akili, maana kuna kiwanja kinataka kuuzwa. Huyo kijana anaweza kuwa mtu mwema aliyechoka. Anaweza pia kuwa Siba, na Siba huja na mikono iliyojaa mikate.

Usimhukumu. Angalia sura ya 19: Mefiboshethi alitokea na miguu isiyotunzwa, ndevu ndefu, nguo chafu. Ungesema ametupwa na watu wake, kumbe yalikuwa maombolezo yake mwenyewe kwa ajili ya mfalme. Nguo chafu zinakupa swali la kuuliza. Jibu analo mwenyewe. Basi mwulize kambo, kwa lugha yake, pasipo mtu wa kumjibia: Mama, nyumbani unaishi vizuri? Akianza kusema, msikilize. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu ye yote, kwa sababu itakubidi kusema. Andika maneno yake kama alivyoyatamka, na saa, kisha mpelekee muuguzi mkuu au daktari siku ileile. Usigombane na kijana mlangoni: jioni kambo atarudi naye nyumba moja, na hasira yako italipwa na yeye.

Wala usiyalete kanisani kama ombi la maombi lenye jina. Sheria ya adhabu ya nchi yetu inamshika mtu ye yote anayetoa siri aliyoipokea kwa kazi yake, na haisemi waganga peke yao. Na Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inawapa wazee na walemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Haki hiyo inaanzia kwa yule wanayemkuta kwanza, naye mara nyingi ni sentineli.

Kuna jambo moja linalonisumbua zaidi. Mzee ambaye nyumbani wanamwita mulozi anafika hospitalini tayari amehukumiwa. Mfagiaji anapita mbali naye, wa mapokezi anamwacha mwisho wa mstari. Na mara nyingine neno lilitoka kwa mtu aliyejiita nabii! Mtu wa Mungu anayemnyoshea kambo kidole mbele ya wajukuu amemtia katika hatari ya kupigwa, na mimi simwiti nabii. Ukisikia neno hilo juu ya mgonjwa kwenye benchi, ni habari ya kupeleka kwa mkuu wako, sawasawa na damu.

Kijakazi wa nyumba ya Naamani hakuwa na dawa wala cheo. Alimwambia bibi yake, bibi akapeleka neno, likafika kwa mfalme. Kazi yake ilikuwa kusema kwa mtu anayefaa.

Kesho, ukifika kazini, uliza hili kabla hujaketi: mgonjwa akiniambia anapigwa nyumbani, nimpelekee nani, na huyo asipokuwapo, nani? Wakikosa jibu, ombeni wakuu waandike majina mawili, wayabandike karibu na meza ya mapokezi.