Mama akinywa, mtoto naye anakunywa

(Muziki wa kipindi, unashuka taratibu.)

Leo nazungumza na wewe mama mjamzito, na wewe baba unayeishi naye. Tunazungumzia pombe.

Jirani yetu mmoja ameniruhusu nisimulie habari yake bila kutaja jina. Tulipofika kambini hakuwa anapata usingizi, kwa sababu ya yale aliyoyaona njiani. Akaanza kunywa gongo, ile ambayo wengine tunaiita kanyanga au lotoko. Aliposhika mimba hakuacha. Kliniki aliulizwa kama anakunywa, akajibu, "Hapana." Aliona haya, maana wenzake kwenye benchi walikuwa wanasikia. Mtoto alizaliwa mdogo sana, na kunyonya kukawa shida. Leo yuko shuleni, na mambo ambayo wenzake wanayashika upesi, yeye yanamchukua muda mrefu.

Njaa na malaria pia hupunguza uzito wa mtoto. Lakini pombe ina ubaya wake. Mama akinywa, pombe huingia kwenye damu, hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Ini la mtoto bado changa, haliwezi kuiondoa kama la mama. Mimba inaweza kutoka, au mtoto akafia tumboni. Akizaliwa, anaweza kuwa na kichwa kidogo, kasoro ya moyo, au ubongo ulioumia. Ubongo huo hauna dawa ya kuuponya, ingawa mtoto akisaidiwa mapema kwa uvumilivu, anaendelea vizuri zaidi.

Ubongo hujengwa miezi yote 9, kwa hiyo hakuna mwezi ambao pombe ni salama. Iwe ya ndizi, iwe bia, ni pombe ileile. Wapo wanaosema chupa moja inaongeza damu. Si kweli. Damu huongezwa na vidonge vya kliniki, maharage, dagaa na mboga za majani.

Vidonge vikali vya maumivu, kama tramadoli, navyo usimeze bila kuandikiwa. Mtoto aliyevizoea tumboni, siku za kwanza hutetemeka na kulia kwa sauti kali.

Mama, kama tayari umekunywa, hujachelewa. Kila siku unayoacha inamsaidia mtoto. Ila kama unakunywa kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka usipokunywa, usiache ghafla ukiwa peke yako. Unaweza kupata degedege. Nenda kliniki wakusaidie kuacha.

Na wewe unayepika pombe ili upate pesa ya sabuni, usiionje. Mwombe mtu mwingine aionje. Baba, usimpe mkeo kikombe, na usimtukane akikwambia ukweli. Ukiweza, acha pamoja naye.

Jirani yetu ana mimba tena. Safari hii, kabla hajaulizwa, alimwambia mkunga, "Naomba tuongee pembeni." Wakatoka nje, wakaongea chini ya mti. Hata wewe una haki ya kuomba hivyo.

Mwambie na jirani ambaye hana redio. Tukutane wiki ijayo.

(Muziki unapanda.)